Mibuni Yetu, Ardhi Yao

Saa nne usiku, nikiwa chumbani kwangu Hamugembe, Bukoba, nilimtoa kijana mmoja kwenye kundi letu. Alikuwa amevunja kanuni namba tatu: usiondoe jina la mwenye kazi. Kanuni hiyo niliiandika mimi. Basi alilochukua nililipaka rangi mimi. Mlalamikaji, shahidi na hakimu walikuwa mtu mmoja, amelala chali kitandani, simu ina chaji ya asilimia 12. Nilibonyeza, nikaandika "kanuni ni kanuni", nikalala.

Kwa asiyejua habari hizi, inabidi nieleze kidogo. Kuna gemu ya simu inaitwa Bus Simulator Indonesia, wachezaji huiita BUSSID. Ilitengenezwa na kampuni ya Maleo ya Indonesia na ikatoka mwaka 2017. Unaendesha basi, unapakia abiria, unalipwa, unanunua basi jingine. Ingeishia hapo tungeichoka ndani ya wiki moja. Lakini watengenezaji waliacha mlango wazi: mchezaji anaweza kuingiza basi lake mwenyewe, bodi na rangi na kila kitu. Faili la namna hiyo tunaliita modi. Kwa bahati Waindonesia wanapita kushoto kama sisi, kwa hiyo vijana wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na huku kwetu wakaanza kuingiza mabasi ya kwao. Leo unaweza kuliona basi lililoandikwa Dar – Bukoba likikata kona katikati ya mashamba ya mpunga ya kisiwa cha Java, na konda hayupo.

Kuna kazi mbili katika modi ya basi. Ya kwanza ni bodi, yaani umbo lenyewe, ambalo huchongwa kwenye kompyuta kwa programu kama ZModeler. Hiyo ni kazi ya wiki nyingi na macho mekundu. Ya pili ni rangi. Unachukua kiolezo cha basi lililotandazwa kama ngozi ya mbuzi, unachora juu yake jina la kampuni, mistari, maua, maandishi ya nyuma. Hii unaweza kuifanya hata kwa simu, ukiwa na subira na bando. Mimi ni mtu wa rangi. Nilijulikana, kama mtu anaweza kujulikana mbele ya watu mia na kitu, kwa maandishi ya nyuma. Basi ambalo kijana huyo alilichukua lilikuwa limeandikwa Riziki Mafungu Saba.

Asubuhi nilikuta ujumbe wake, ametuma kwa namba yangu binafsi. "Shikamoo kaka. Nimeona umenitoa, sina ugomvi. Naomba kuuliza tu, bodi ya lile basi uliichonga mwenyewe?"

Alikuwa mwanafunzi wa sekondari huko Muleba, nyumbani kwetu. Sikumjibu siku hiyo, wala iliyofuata. Bodi sikuichonga. Niliishusha miaka miwili kabla, kutoka kwa Muindonesia aliyeigawa bure na wazi, maana yake hakuifunga kama wengine wanavyofunga ili mtu asiweze kuigusa. Chini ya faili aliandika ombi moja, kwa lugha yake na kwa Kiingereza: jina langu libaki. Jina lilikuwa dogo, pembeni ya taa za nyuma. Nililifunika kwa rangi kwa sababu lilikuwa linaharibu neno Saba.

*

Wiki hiyo nilikuwa na safari ya Muleba, kumtazama bibi. Ukitoka Bukoba kwa gari dogo unapita Kemondo, unapita Muhutwe, na barabara nzima ni kibanja, rweya, kibanja, rweya. Mgeni huona migomba tu. Mwenyeji huona mpaka.

Rweya ni uwanda wa nyasi. Udongo wake umechujwa na mvua mpaka umechoka, ukipanda mgomba pale unakudharau. Kibanja kiko hatua chache tu kutoka hapo, udongo mweusi, migomba mirefu, mibuni chini yake, maharage chini ya mibuni. Tofauti hiyo haikuletwa na mvua. Ni watu. Ni samadi ya ng'ombe, ni nyasi zilizokatwa rweya na kubebwa kichwani, ni majani, maganda na majivu yaliyotandazwa juu ya shina moja na babu, kisha mwanawe, kisha mjukuu. Sehemu kubwa ya rutuba ya Buhaya ni jasho lililorundikwa. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linalofanya kilichofuata kiume.

Falme za Buhaya, Kiziba, Kianja, Ihangiro na wenzao, zilikuwa na utaratibu ulioitwa nyarubanja. Mkama alikuwa na uwezo wa kumpa ndugu yake, mtumishi wake au kipenzi chake eneo la ardhi. Mara nyingine eneo hilo lilikuwa tupu. Mara nyingine lilikuwa na watu ndani, na vibanja vyao, na makaburi ya baba zao nyuma ya nyumba. Watu hao waliamka asubuhi ni wapangaji. Aliyepewa eneo aliitwa mtwazi, aliyelikalia aliitwa mtwarwa. Kihaya hakikuficha kitu hapo: anayetawala na anayetawaliwa. Mtwarwa aliendelea kupanda, kupalilia na kutandaza nyasi, na alitoa sehemu ya alichovuna, pombe, na siku za kufanya kazi kwa mtwazi. Akishindwa angeweza kuondolewa, na migomba haiwezi kufungwa mzigo ikaondoka naye.

Kwa muda mrefu hili lilikuwa na kikomo chake, kwa sababu ndizi huliwi zote na bwana mmoja. Kahawa ndiyo iliyolibadilisha. Buni ya kwetu ilikuwepo kabla ya Mzungu, ikichemshwa, ikikaushwa na kutafunwa, ikigawiwa wageni kwa heshima, na wakama waliibana wenyewe. Haikuwa zao la kila mtu kupanda apendavyo. Wajerumani, ambao kituo chao cha Bukoba kilianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890, na baada yao Waingereza, waliifanya kahawa kuwa fedha. Ghafla mti uliokuwa wa kutafuna ukawa wa kulipia kodi ya kichwa, ada ya shule na bati la nyumba. Na ghafla kuwa mtwazi kukawa na maana mpya, maana kila mbuni uliopandwa na mwingine ndani ya eneo lako ulikuwa na kitu chako. Nyarubanja zikaongezeka badala ya kupungua.

Malalamiko hayakuchelewa. Mwaka 1924 makarani, walimu na wafanyabiashara wa Bukoba, Klemens Kiiza akiwa miongoni mwao, walianzisha chama cha Bukoba Bahaya Union, na nyarubanja ilikuwa moja ya mambo yaliyowagombanisha na wakuu. Mwaka 1937 kukaja ugomvi wa namna nyingine. Serikali ilileta kanuni za kutunza kahawa: pogoa hivi, tandaza nyasi hivi, ng'oa mti wenye ugonjwa. Ukizisoma leo kama bwana shamba hutaona ubaya mkubwa. Wahaya walizikataa, wakakusanyika, viongozi wakakamatwa. Hofu ilikuwa ya watu ambao tayari waliwahi kuamka asubuhi na kukuta shamba lina mwenyewe mwingine: anayekuagiza namna ya kushika mti wako, kesho atasema mti ni wake.

Nimekuwa nikiufikiria sana mwaka huo wa 1937 tangu nilipokuwa admini. Kanuni zetu zilikuwa nzuri. Hakuna aliyewahi kuulizwa.

Kisha zikaja kanuni kwenye karatasi. Mwaka 1945 Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa serikali ya kikoloni wa mila na desturi, pamoja na M. M. Hartnoll, walichapa kitabu cha sheria za kimila za Wahaya. Aya zina namba, moja baada ya nyingine, urithi, ndoa, ardhi, nyarubanja. Mahakama zikapata kitu cha kushika. Njia ya Cory ya kukusanya mila ilikuwa kukaa na wazee na wakuu na kuwauliza desturi yao ni ipi. Ni njia ya heshima, lakini jiulize ni nani katika nchi ya watwazi na watwarwa anayeitwa kwenye kikao hicho, na ni nani amebaki nyumbani anapalilia.

*

Bibi aliolewa kwenye kibanja cha watwarwa. Nilijua hilo kwa juujuu, kama mtu anavyojua kundi lake la damu. Jioni ile nilimuuliza vizuri, akiwa anamenya ndizi, na nilimweleza habari ya basi langu kwa kuwa aliniona sina raha. Alisikiliza kwa adabu. Basi la kwenye simu, lisilobeba mtu, lenye bodi ya Muindonesia, jina la kampuni isiyo yangu, na rangi yangu.

"Kwa hiyo ardhi ni ya nani?" aliuliza.

Nikamwambia gemu ni ya kampuni.

"Na wewe unawalipa?"

Silipi, nilisema. Wanacheza matangazo, sisi tunatazama.

"Basi mnalipa," bibi akasema, akaendelea kumenya.

Alinisimulia mwaka sheria ilipokuja. Ukuu wa wakama na machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963. Mwaka 1965 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakomboa watwarwa wa nyarubanja, na mwaka 1968 ikafuata nyingine iliyoshughulikia upangaji wa kimila wa ardhi kwa upana zaidi. Aliyekuwa anaikalia na kuilima ndiye akawa mwenyewe. Kwenye vitabu inachukua sentensi mbili. Kwenye kibanja chetu ilichukua msimu mzima, kwa sababu babu hakuamini. Watu wa chama walikuja wakasema usipeleke tena kitu kwa mtwazi. Babu akawaitikia vizuri, akawakaribisha kahawa, na mavuno yalipofika akapeleka debe kama kawaida, usiku, kwa njia ya nyuma. Sheria inaweza kurudi ilikotoka, alimwambia bibi. Msimu uliofuata hakupeleka. Mtwazi hakuja kuuliza. Watoto wa nyumba hizo mbili walisoma darasa moja, na kwenye misiba hadi leo tunachangiana.

Nilimuuliza kama babu alifurahi. Alisema alipanda mibuni mipya upande wa chini, kule ambako zamani alikuwa anaacha wazi.

*

Nilirudi Bukoba nikaanza kusoma historia ya modi usiku, badala ya kuchora. Nilichokitafuta kilikuwa kitu kimoja: ni nani aliyeandika kanuni, na alikuwa amekaa wapi alipoziandika.

Kwa kiasi fulani ilianza na ukarimu. Desemba 1993 kampuni ya id Software ya Marekani ilitoa gemu ya Doom. Wachezaji walikuwa wameshaichezea gemu yao ya kabla, Wolfenstein 3D, kwa kuifungua na kubadili ramani na picha. John Carmack, aliyeandika injini ya Doom, badala ya kufunga mlango alizitenganisha picha, sauti na ramani na injini yenyewe, akaziweka kwenye faili za WAD ili yeyote aweze kutengeneza zake. Sharti lilikuwa dogo: kazi yako ifanye kazi kwa aliyenunua gemu tu, asiwe mwenye nakala ya majaribio. Ni kama mtwazi aliyesema lima upendavyo, ila mgeni wako aingie kwa lango langu. Watu walilima. Mwaka 1999 vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, walitoa Counter-Strike juu ya ardhi ya gemu ya Half-Life, na mwaka uliofuata Valve, wenye Half-Life, wakaichukua na wao wakaajiriwa. Huo ndio mwisho mzuri ambao kila mchora modi huuota, mimi nikiwemo.

Kisha kuna ile ya Blizzard, na hii niliisoma nimesimama. Juu ya gemu yao ya Warcraft III wachezaji walijenga Dota, mchezo ndani ya mchezo, ukapita mikononi mwa mtu mmoja hadi mwingine, ukawa mkubwa kuliko shamba lenyewe. Valve wakamwajiri mmoja wa waliokuwa wakiutunza na mwaka 2013 wakatoa Dota 2 yao. Blizzard walikaa na funzo hilo. Walipotoa Warcraft III: Reforged, Januari 2020, masharti yao yalisema kwamba mchezo wowote utakaoutengeneza kwa zana zao ni mali ya Blizzard peke yao. Hawakusema tutagawana. Ukipanda mbuni, mbuni ni wetu, na jina tutaangalia.

Wengine walijaribu kugawana kwa hesabu. Tarehe 23 Aprili 2015 Valve na Bethesda waliruhusu modi za gemu ya Skyrim ziuzwe kwa fedha. Mtengenezaji alipata asilimia 25, Valve 30, Bethesda 45. Soko lilidumu siku nne. Wachezaji walikasirika kwa kulipishwa kitu kilichokuwa bure, lakini kilichonigusa mimi ni ugomvi wa watengeneza modi wenyewe. Modi mojawapo ya mwanzo kabisa kuuzwa ilikuwa ya kuvua samaki, na mwendo wa mhusika ndani yake ulitegemea kazi ya mtu mwingine ambaye hakuwa amekubali kazi yake iwe sehemu ya biashara. Kwa miaka mingi wote waliazimana bila kuhesabiana. Siku fedha ilipoingia, kila mmoja akageuka kutazama migomba yake inaanzia wapi. Kahawa ilivyoingia Buhaya, nilijisemea, ila huku ilichukua siku nne badala ya miaka arobaini.

Na kuna suala la kuondoka. Hili ndilo lililonikosesha usingizi zaidi. Bukkit ulikuwa mradi wa watu wa kujitolea uliowezesha seva za Minecraft kuendeshwa na kubadilishwa. Agosti 2014 kiongozi wake alitaka kuufunga, na hapo kampuni ya Mojang ikasema mradi huo ni wao, wameushika tangu 2012. Wengi waliochangia walikuwa wameandika programu zao bure wakidhani wanafanyia jamii. Mmoja wao, Wesley Wolfe, alikuwa ameandika mistari mingi sana. Septemba alitumia sheria ya hakimiliki ya Marekani kudai kazi yake iondolewe, na maelfu ya seva zikabaki bila kitu cha kuwasasishia. Aling'oa mibuni yake na shamba likafa. Kuna wanaomwita msaliti. Mimi nilimwona babu, kama babu angekuwa na uwezo wa kubeba migomba.

Nexus Mods, ghala kubwa la modi lililoanzishwa na Muingereza Robin Scott mwaka 2001, walilitazama tatizo hilohilo kutoka upande wa pili. Julai 2021 walitangaza kwamba mtengenezaji hataweza tena kufuta kazi yake moja kwa moja. Ataificha tu, nakala itabaki ghalani, kwa sababu modi za wengine zimejengwa juu yake. Walitoa muda hadi tarehe 5 Agosti kwa asiyekubali aondoke na vitu vyake. Wako walioondoka. Kanuni ina mantiki, naikubali kwa kichwa: ukishatoa tofali likaingia ukutani, huwezi kulichomoa kila ukikasirika. Lakini ukishaikubali, umekubali pia kwamba anayemiliki ukuta ndiye anayeamua tofali ni nini. Na walitoa mwezi mmoja na siku chache. Sheria ya 1965 iliwapa watu ardhi na babu bado alihitaji msimu mzima kuiamini.

Sitaki kuuvuta mfano huu mpaka ukatike. Mtu hafi njaa kwa sababu basi lake la kwenye simu limeibwa, na mtwarwa hakuwa na kitufe cha kuondoka kwenye kundi. Hata sheria yetu inatutazama kwa namna tofauti: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi iliyotokana na kazi nyingine, ilimradi hakimiliki ya kazi ya kwanza haivunjwi. Nikaisoma sentensi hiyo nikahesabu tabaka za basi langu. Gemu ya Maleo. Bodi ya Muindonesia. Umbo la bodi hiyo limeigwa kutoka basi halisi lililoundwa kiwandani. Jina na nembo ni vya kampuni ya usafirishaji ambayo haijui kuwa nipo. Cha kwangu kilikuwa maua, mistari miwili ya kijani, na methali ambayo ni ya Waswahili wote.

*

Niliandika kwenye kundi usiku wa Jumapili. Nilisema bodi si yangu, nilifuta jina la mwenye bodi, na niliyemtoa nimemrudisha. Nilitegemea kusulubiwa. Walicheka. Mmoja akaandika, "Kaka, humu wote tuna bodi za watu." Mwingine akauliza kama sasa kanuni namba tatu imekufa. Wawili wakatoka bila kusema kitu, na kesho yake niligundua kwamba hao ndio waliochonga bodi zao wenyewe, wawili kati ya wote, na nilikuwa nimewachukulia kazi zao kama za kila mtu kwa kuwa hawakuwa watu wa maneno mengi.

Tukaanza kuandika kanuni upya, safari hii watu wote wakiongea, jambo ambalo simshauri mtu mwenye haraka. Ile ya kutojadili siasa tuliijadili usiku mzima. Tuliiweka kwa woga mtupu baada ya mwaka 2018, serikali ilipotoa kanuni za maudhui ya mtandaoni, wenye blogu wakatakiwa kukata leseni na wenye vibanda vya intaneti kufunga kamera. Sidhani kama kuna mtu aliyekuwa anatafuta kundi la mabasi ya bandia. Lakini tulikuwa tumefuta hata picha ya basi lenye maandishi ya kulalamikia barabara mbovu, na aliyelichora hakurudi kuchora tena. Kanuni hiyo tukaipunguza. Kanuni ya majina tukaiongeza: bodi, rangi na kiolezo kila kimoja kiwe na jina lake, hata kama basi litajaa majina kama kanga.

Nilimwandikia pia yule Muindonesia, kwa kutumia programu ya kutafsiri, nikaomba radhi, nikamtumia picha ya basi jina lake likiwa limerudi pembeni ya taa. Alijibu baada ya siku nne. Alisema hakuna shida, basi ni zuri. Akauliza maandishi ya nyuma maana yake nini, kwa sababu neno la kwanza amelitambua: kwao ni rezeki. Nilihangaika kumweleza mafungu saba.

Kilichobaki hakijaamuliwa. Ni hili la kuondoka: mtu akitoka kwenye kundi, je, mabasi yake yafutwe kwenye ghala letu, au yabaki? Wale wawili waliochonga bodi wenyewe wanasema wakirudi watarudi kwa sharti kwamba wanaweza kuondoka na vitu vyao. Wengine wanasema kuna rangi thelathini juu ya bodi moja ya mmoja wao, zitakwenda wapi. Tumepiga kura mara mbili, zikalingana mara mbili, na mara ya pili nilikataa kutumia kura yangu ya admini ingawa kanuni inaniruhusu. Niliiandika mimi hiyo nayo.

Kijana wa Muleba sasa anajifunza ZModeler kwenye kompyuta ya mjomba wake, wikendi tu. Amenitumia picha ya bodi yake ya kwanza, haina madirisha bado, pembe za mbele zimevimba. Nilimsifia, nikamuuliza ikiisha ataitoa wazi au ataifunga.

"Nitaifunga, kaka," alijibu. "Nimekuona."